Seva Nzuri Huonekana Inapokataa

Nikiletewa programu ya seva niikague, sianzi na ombi sahihi. Ombi sahihi hata seva mbovu hulijibu. Naipelekea JSON iliyokatika katikati, mabano hayajafungwa, halafu nangoja msimbo wa jibu la HTTP. Ikirudi 400 na maneno yanayotaja pameharibika wapi, naagiza chai. Ikirudi 500, seva imejitwika kosa langu. Ikirudi 200, na ndani yake imeandikwa kwamba mambo yameshindikana, hiyo ndiyo kasoro ninayoichukia kuliko zote: mitambo ya ufuatiliaji itaonyesha shwari usiku kucha huku wateja wakilia.

Tazama pia kama mwandishi anatofautisha 401 na 403. Ya kwanza husema "sikujui". Ya pili, "nakujua, lakini hapa hupiti". (Ukikutana na 418 usishtuke. Ni utani wa tarehe 1 Aprili 1998: seva inadai yenyewe ni buli la chai.)

Penye pesa ndipo pa kukaa. Mteja amebonyeza "Lipa", mtandao ukakatika kabla jibu halijamfikia, akabonyeza tena. Kila malipo yanapaswa kubeba namba yake ya pekee, ili seva ikiiona mara ya pili irudishe jibu lile la kwanza bila kukata pesa tena. Wengi watakuonyesha kwamba wamelifanya hilo. Usiwaamini bado, tuma maombi mawili yenye namba moja kwa mpigo, kisha hesabu mistari kwenye hifadhidata. Aliyeandika "angalia kwanza, kisha hifadhi" hunaswa hapa, maana yote mawili huangalia kabla lolote halijahifadhiwa. Fundi huiachia hifadhidata yenyewe ikatae namba iliyojirudia.

Hitilafu ya ndani ikitokea, mteja apewe sentensi fupi na namba ya kumbukumbu, basi. Niliwahi kuona seva ikimwagia mteja majina ya majedwali na njia za mafaili. Namba hiyo ya kumbukumbu itafute kwenye logi. Usipoipata, ni pambo tu.

Mwisho, zima hifadhidata huku seva iko hewani. Inayojibu 503 upesi, pamoja na kichwa cha Retry-After kinachotaja sekunde za kusubiri, ipokee. Inayomwacha mteja akitazama duara likizunguka mpaka simu ikate tamaa, mrudishie mwenyewe.