Mikono ya Buddha wa mwaka 338

Sanamu hii ya shaba iliyopakwa dhahabu, iliyo San Francisco, haifiki nusu ya mita. Kitako chake chataja mwaka 338. Hatujui Buddha wa China mwenye tarehe ya zamani zaidi. Desturi ya India ni viganja kutazama juu. Huyu amevibandika tumboni, kama mtu aliyeshiba! Wataalamu husema fundi hakuelewa. Pengine. Lakini utazameni uso ule wa Kichina, ulivyotulia. Wahunzi wa ufalme wa Kongo nao, baada ya mfalme Nzinga a Nkuwu kubatizwa mwaka 1491, walimsubu Kristu, mara nyingi kwa sura ya Kiafrika. Hao nao hawakuelewa? Buddha huyu anawaza kweli. Sanamu nyingi za plasta tulizoletewa Butembo zimekaa tu.