Si kila mdaiwa ni mdeni

Katika madaftari ya wanafunzi wetu hapa Uganda, 'mdeni' na 'mdaiwa' hutumiwa kama visawe. Kosa hilo tumelichangia sisi walimu. 'Deni' limetokana na neno la Kiarabu 'dayn'. 'Dai' limetoka katika mzizi mwingine wa lugha hiyo hiyo, wenye maana ya kuita. Kufanana kwa sauti kusitudanganye.

Dukani tofauti haionekani, kwani anayenidai ndiye ninayepaswa kumlipa (msemaji wa Luganda huelewa upesi, maana 'okubanja' hutumika vivyo hivyo). Mahakamani mambo hubadilika. Katika kesi za madai nchini Tanzania, mdaiwa ni yule aliyefunguliwa kesi, na huenda hana deni hata la senti moja. Mwanafunzi akimwita 'mdeni', amekwisha kumhukumu kabla ya hakimu.

'Deni langu' nalo lina mtego: nikililipa, nilikuwa nadaiwa, nikilidai, mwenye haki ni mimi. Mhasibu akiandika 'madeni' tu, bila 'tunayodai' au 'tunayodaiwa', msomaji hajui kama anaonyeshwa mali au mzigo.