Nguo Haipimwi kwa Kibaba

Muuza nguo akitwaa kibaba cha mchele apimie kitambaa, hatusemi kwamba kitambaa kina kasoro. Twasema kipimo si chake. Jambo hili ni dogo, lakini baadhi ya wanachuoni wakubwa wa Ulaya walilisahau walipoandika habari za dini ya Budha.

Budha alifundisha kaskazini ya Bara Hindi yapata karne ya 5 kabla ya Kristo. Mafundisho yake huanza na mateso: kwamba yapo, kwamba chanzo chake ni tamaa, kwamba yaweza kukoma, na kwamba iko njia ya kuyakomesha. Miungu hutajwa katika maandiko ya kale, lakini nao huzaliwa na kufa kama viumbe wengine. Hakuna Muumba ambaye wokovu wa mtu humtegemea, wala hakuna roho isiyobadilika ndani ya mtu.

Mwaka 1860 Jules Barthélemy-Saint-Hilaire, mwanachuoni wa Ufaransa, alitoa kitabu juu ya Budha na dini yake. Aliusifu mwenendo wa Budha. Lakini alimtafuta Mungu asimwone, akaitafuta roho ya milele asiione. Basi akakata shauri kwamba nirvana, yaani kikomo cha njia ile, ni utupu mtupu, na kwamba dini yenyewe haina tumaini. Sasa tazama, msomaji, neno lenyewe. Maana ya nirvana ni kuzimika, kama moto uzimikavyo. Na kinachozimika ni tamaa, chuki na ujinga. Tena Budha alikataa kusema kwamba mtu huangamizwa kabisa, kama alivyokataa kusema kwamba anayo roho ya milele.

Mwingereza Edwin Arnold alipotea kwa upande wa pili. Mwaka 1879 alitoa utenzi uitwao The Light of Asia, uliosomwa sana Uingereza na Marekani. Tusimnyime haki yake: lugha ya utenzi ni tamu, nao uliwafanya wengi wampende mtu waliyekuwa wakimdharau. Hata hivyo, Budha wa utenzi huo amekaribia mno kuwa mwokozi wa Kikristo, na mwisho wa safari hufananishwa na tone liingialo baharini. Mfano huo unapendeza, lakini unahitaji tone lililo na nafsi yake na bahari ya kulipokea. Budha hakufundisha kwamba roho ndogo hurudi kwa Roho kuu.

Utaona kwamba waandishi hawa wanapingana, na huku kosa lao ni moja. Wa kwanza aliingia katika nyumba, akakosa kiti cha enzi, akasema nyumba ni gofu. Wa pili alikikosa vile vile, akaleta cha kwao. Hakuna aliyemwuliza mwenye nyumba huketi wapi.

Usidhani, basi, kwamba Wabudha hawana ibada. Husujudu, huweka maua mbele ya sanamu, na huko Japani wapo wengi wamwitao Amida awaokoe. Wala usidhani kwamba amwaminiye Mungu hawezi kuwaelewa. Mtu haachi imani yake kwa kusikiliza ya jirani. Huacha tu kuifanya kuwa mizani ya kila kitu.

Shauri hili latuhusu sisi pia. Mwaka 1970 Okot p'Bitek wa Uganda aliandika kitabu akiwalaumu wataalamu waliozieleza dini za Waafrika kwa fikra za Kikristo na za Kiyunani. Tukiona uchungu kwa kuelezwa hivyo, tusiwaeleze wengine hivyo. Ukifungua kitabu juu ya dini ya watu usiowajua, usianze kwa kuuliza, "Mungu wao ni nani?" Uliza kwanza, "Watu hawa wanatafuta dawa ya ugonjwa gani?" Kisha tazama kama mwandishi amewaacha wajibu wenyewe.