Mbwa hahitaji shefu

Wenzangu wahitimu, na ninyi wadogo zetu ambao mngali mnakimbizana na silabasi, leo naomba tuongee juu ya mbwa. Najua kuna watakaocheka: watu wana diploma na hawana kazi, na huyu anatuletea habari za mbwa! Lakini hapa Luvungi mbwa ni jambo la kila usiku. Ndiye analinda mbuzi, ndiye analinda lupango, na ndiye anauma mtoto wa jirani anayetumwa chumvi. Siku hizi vijana wengi wanafuga kwa kufuata video za kwenye telefone, na naona kuna fundisho moja tunalimeza bila kulitafuna. Kama shule ilitupa kitu, ni meno ya kutafuna.

Fundisho lenyewe ni hili: mbwa ametoka kwa mbwa mwitu, mbwa mwitu wanaishi chini ya shefu, kwa hiyo mbwa wako anatafuta kukupindua na wewe lazima umuonyeshe nani mkubwa. Ule wewe kwanza, yeye baadaye. Upite mlangoni wewe kwanza. Akinguruma, mkandamize chini mpaka akubali.

Aliyelitangaza zaidi ni Cesar Millan, mzaliwa wa Mexico aliyefanyia kazi Marekani. Programu yake ya televisheni, Dog Whisperer, ilianza mwaka 2004. Tuwe wa haki kwake. Millan anasema mbwa atembezwe kila siku, anasema kila nyumba iwe na sheria zinazojulikana, na anasema mara nyingi shida iko kwa mwenye mbwa. Hayo yote ni kweli. Pia anajua kushika watazamaji: mbwa anaingia akiwa simba, dakika chache baadaye ametulia, mama mwenye nyumba analia kwa furaha. Ni hadithi nzuri. Shida iko katika kile tunachoambiwa kwamba tumekiona.

Mwangalie mbwa yule mwishoni, na sauti ya telefone uizime. Mkia umeingia katikati ya miguu, masikio yamelala nyuma, analamba midomo, anaangalia pembeni. Mtangazaji anasema ametulia. Mtu aliyeishi na mbwa anajua kwamba huyo ameganda kwa hofu. Mbwa aliyeganda na mbwa aliyetulia wote hawasogei, na kamera haikuambii tofauti yao. Halafu kuna jambo lingine: kwenye televisheni, programu ile ilikuwa na onyo kwa watazamaji, kwamba wasijaribu mbinu zile bila kumuuliza mtaalamu. Kipande kikikatwa cha dakika moja ili kitembee kwenye telefone, onyo linabaki nyuma. Kwetu kinafika kichapo peke yake.

Na msingi wake wa kisayansi? Umeoza zamani. Mwaka 1947 Rudolf Schenkel aliandika juu ya mbwa mwitu waliofungiwa pamoja katika bustani ya wanyama ya Basel, Uswisi. Wanyama wa kufungiwa sehemu moja wanapigana, na kutoka hapo likazaliwa wazo la shefu anayetawala kwa nguvu. Mmarekani L. David Mech alilieneza katika kitabu chake The Wolf cha mwaka 1970. Baadaye Mech aliwafuata mbwa mwitu porini kwenyewe, na mwaka 1999 akaandika kwamba kundi lao kwa kawaida ni baba, mama na watoto wao. Hakuna mapinduzi, hakuna kiti cha kugombea. Ni jamaa tu. Mwaka 2008 chama cha madaktari wa wanyama wa Marekani wanaoshughulikia tabia kilitoa tamko dhidi ya kutumia wazo la ushefu kama njia ya kurekebisha mbwa. Kwa hiyo anayetufundisha leo kumkandamiza mbwa anatuuzia notisi ambazo mwalimu mwenyewe alishazifuta ubaoni.

Basi kwa nini zinanunuliwa sana kwetu? Mimi nadhani ni juu ya zinafanana na yale tuliyoyakuta. Watu wanasema, "Umbwa bila fimbo haisikiake." Tumekua tukiona mkubwa akisikilizwa kwa kuogopwa: nyumbani, darasani, kwenye bariyeri. Video inakuja na kutuambia kwamba hata wanyama wako hivyo. Inatubembeleza. Inampa kijana ambaye hana ofisi wala mshahara kitu kimoja cha kuamuru. Ndiyo maana naikosoa kwa ukali kuliko ambavyo video ya mbwa ingestahili.

Shule ya pili haina makelele. Karen Pryor, Mmarekani aliyeanza kazi hii kwa kufundisha pomboo huko Hawaii, alitoa mwaka 1984 kitabu kinachoitwa Don't Shoot the Dog! Hoja yake ni fupi: mnyama hurudia kile kinachomletea faida. Huwezi kumpiga pomboo fimbo, atazama chini na kukuacha umesimama pale na fimbo yako. Kwa hiyo unangoja afanye unachotaka, unampa ishara palepale, ileile kila siku, kisha unampa samaki. Ishara inamwambia ni tendo gani hasa limelipwa. Ukichelewa sekunde chache, umeshalipa tendo lingine.

Mtu atasema hiyo ni hadithi ya Hawaii. Haya, twende Morogoro, Tanzania, kwa shirika la APOPO, linalofanya kazi na Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Wao wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Panya anasikia mlio mdogo, anapewa ndizi. Mlio, ndizi, mlio, ndizi, mpaka aelewe kwamba harufu fulani ndiyo inaleta mlio. Mmoja wao, Magawa, mzaliwa wa Tanzania, alipelekwa Kambodia akagundua zaidi ya mabomu na vilipuzi 100, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza la PDSA. Hakuna aliyemwonyesha Magawa nani mkubwa. Na hapa kwetu Kivu, huko Rumangabo, Hifadhi ya Virunga ilianzisha kikosi cha mbwa wa kufuata harufu mwaka 2011. Mbwa wa namna hiyo anatembea mbele na askari anamfuata. Sasa muwekee sheria kwamba shefu apite kwanza, uone kama mtampata jangili.

Hata hivyo, kitabu cha Pryor na miongozo iliyomfuata nayo ina upofu wake. Imeandikwa kwa nyumba yenye uzio, mtu mmoja mwenye muda, na biskuti za mbwa za kununua. Hapa lupango moja ina watu kumi. Baba anasema "Kuja!", mtoto anasema "Ss-ss!", mjomba anarusha jiwe. Mbwa wengi wa kwetu wanajua maneno mawili tu: "Toka!" na "Kamata!" Hakuna aliyewafundisha "Acha" wala "Ngoja". Halafu tunashangaa kwamba mbwa anajua kukimbia na kuuma, hajui kitu kingine.

Lakini ukiondoa biskuti, hoja inabaki nzima. Mbwa wako tayari anakula mabaki ya bugali na vichwa vya ndagala. Usimwage vyote mara moja jioni. Gawa vipande vidogo, mwite kwa neno moja ambalo nyumba nzima imekubaliana, akifika mpe. Dakika tatu asubuhi, tatu jioni. "Kaa", akikaa mpe. "Acha", akikiacha mpe kingine kizuri zaidi. Akimrukia mgeni, geuka usimwangalie. Akiweka miguu minne chini, msalimie. Mtoto wa mbwa umzoeze watu, pikipiki, mbuzi na mvua ya kwenye bati mapema, maana kati ya wiki ya 3 na kama ya 14 ndipo anapojifunza kitu gani duniani ni cha kawaida. Na akinguruma usimpige. Kunguruma ni taarifa. Ukimchapa kwa sababu ya kunguruma, atajifunza kunyamaza, na siku nyingine atauma bila kukuambia.

Nasikia pia hoja ya damu: ati mbwa wa wazungu ana akili kwa kuzaliwa, huyu wa kwetu ni wa jalalani. Wanaotuma video wanapenda sana Labradoodle, yule wa manyoya ya kujikunja kama kondoo. Historia yake inajulikana. Mwaka 1989, Australia, Wally Conron alikuwa anazalisha mbwa wa kuongoza vipofu. Mwanamke mmoja kipofu wa Hawaii alihitaji mbwa ambaye manyoya yake hayatamdhuru mume wake mwenye mzio. Conron akapandisha Labrador na poodle, wakazaliwa watatu, na mmoja, Sultan, akaenda Hawaii. Baadaye jina lilipovuma, kila mfanyabiashara akachanganya anavyotaka, na mwaka 2019 Conron mwenyewe alisema hadharani kwamba anajutia jambo hilo, kwa sababu wengi wa mbwa wale wanazaliwa na magonjwa au tabia mbovu. Sultan alimfaa yule mama kwa sababu alifundishwa kazi. Jina peke yake halimvushi kipofu barabara.

Na sisi tuna wa kwetu. Huko nje kuna mbwa maarufu mwenye mkia uliojikunja na asiyebweka kama wengine. Wazungu walimtoa Kongo, na mwaka 1937 wakafanikiwa kumzalisha Uingereza. Anaitwa basenji. Ndiyo, basenji, neno lilelile ambalo hapa ni tusi kwa mtu wa kijiji. Huko linaandikwa kwenye hati za mbwa wa gharama. Huyo tunayemrushia mawe ana mwenzake anayelala kwenye zulia huko London.

Sasa, kwa nini nimeandika haya yote? Kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu unaua watu kama 59,000 kila mwaka, karibu wote Afrika na Asia, na mbwa ndio wanaouleta katika visa 99 kwa 100. Kama 40 kwa 100 ya wanaoumwa na mbwa wa kushukiwa ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, ni kifo. Ukiumwa, osha kidonda kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha kimbia kituo cha afya kutafuta chanjo, usingoje uone. Na ili ugonjwa ukatike, inabidi karibu mbwa 70 kati ya 100 wachanjwe. Inawezekana: kisiwa cha Pemba waliumaliza kwa kuchanja mbwa, ukaletwa tena kutoka nje, wakaumaliza tena.

Hapo ndipo fundisho la ushefu linatugharimu. Mbwa aliyelelewa kwa fimbo haogopi fimbo tu, anaogopa mkono. Mkono ukimkaribia shingoni anakimbia au anauma. Siku timu ya chanjo inakuja, wanaokosa sindano ni haohao wasioshikika, na ndio haohao wanaozunguka sokoni na kando ya barabara. Bonde letu la Ruzizi limeona watu wengi wakikimbia na kuacha nyumba, na mbwa nao wakabaki bila mwenyewe. Hatuwezi kuongeza juu ya hapo wale tunaowatisha sisi wenyewe.

Kwa hiyo nina kipimo changu cha kila video na kila kitabu cha mbwa. Siulizi kama mbwa wa ndani ya picha anatii. Nauliza: baada ya mwezi mmoja wa mafundisho haya, mtoto wa nyumba ataweza kumgusa mbwa masikio, kufungua mdomo wake, kumfunga kamba, na kumshika mguu wakati daktari wa mifugo anachoma sindano? Kwa mafundisho ya Millan, sioni namna. Kwa yale ya Pryor, ukiweka ndagala mahali pa biskuti, naona. Gusa sikio, mpe kipande. Shika mguu, mpe kipande. Kesho tena.

Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Walio kwenye fakiltee za mifugo na za afya kati yetu, hiyo tarehe muiweke kwenye kalenda ya chama: tuombe dozi mapema kwa wenye mamlaka, tupite lupango kwa lupango. Sisi wengine tuanze leo na kichwa kimoja cha ndagala.