Kitabu Ndani ya Kitabu: Madokezo ya Riwaya Zilizotangulia katika Utatu wa Achebe

Mwandishi wa riwaya za mfululizo hukabiliwa na tatizo asilolijua mwandishi wa riwaya moja. Kila kitabu chake kipya huwakuta wasomaji wa namna mbili: yule aliyekisoma kitabu kilichotangulia, na yule ambaye hajapata hata kukishika mkononi. Wa kwanza huchoka akisimuliwa tena anayoyajua. Wa pili hupotea akitajiwa asiyoyajua. Iko njia nyepesi ya kulikwepa tatizo hili, nayo ni kumrudisha mhusika yule yule katika kisa kingine. Kuanzia Mzimu wa Watu wa Kale (1960) hadi Kisima cha Giningi (1968) na riwaya zilizofuata, Muhammed Said Abdulla alimtia Bwana Msa katika fumbo moja baada ya jingine. Kwa riwaya ya upelelezi njia hiyo yatosha. Lakini iko njia iliyo ngumu zaidi, ambapo kitabu cha baadaye hukitaja cha awali kwa namna inayomlazimu msomaji akirudie na kukipima upya.

Jambo hili si geni kwa mpenzi wa ushairi wa Kiswahili. Malenga anapomjibu mwenziwe hufuata bahari yake na vina vyake. Lakini jibu linalorudia tu yaliyokwisha kusemwa halihesabiwi kuwa jibu. Sharti liseme neno ambalo shairi la kwanza halikulisema. Kipimo hicho hicho chafaa kutumiwa katika kuzihakiki riwaya tatu za Chinua Achebe: Things Fall Apart (1958), No Longer at Ease (1960) na Arrow of God (1964).

Achebe alipata kueleza kwamba mwanzoni alikusudia kuandika kisa kimoja cha vizazi vitatu. Okonkwo alipata riwaya yake. Mjukuu wake Obi akapata yake. Lakini Nwoye, mwana aliyeiacha dini ya wazee akawa Isaac, hakupata. Kuna pengo, basi, katikati ya mfululizo. Madokezo ndiyo yanayolivusha pengo hilo, na matatu kati yake yastahili kuchunguzwa.

La kwanza limo katika sherehe ya kumpokea Obi anaporejea kijijini kutoka Uingereza. Mzee Odogwu anamsifu kijana kuwa ni mjukuu wa Okonkwo, mtu aliyemkabili mzungu peke yake akafa vitani, na kwamba ni Okonkwo huyo huyo aliyerudi. Kwa msomaji mgeni hizi ni sifa za kawaida za ukoo. Aliyeisoma riwaya ya kwanza, hata hivyo, anajua kwamba Okonkwo hakufa vitani. Alijitia kitanzi, na mila ikawakataza watu wa ukoo wake kuugusa mwili wake. Umuofia imekwisha kuirekebisha historia yake ili ipate shujaa. Kijana anayevikwa joho hilo ndiye atakayehukumiwa kwa kupokea rushwa.

Dokezo la pili ni zito zaidi. Obi anataka kumwoa Clara, ambaye ni osu, yaani mzawa wa watu waliowekwa wakfu kwa miungu na kutengwa na jamii. Mama anatishia kujiua. Kisha Isaac anamwendea mwanawe usiku na kumsimulia alivyoondoka nyumbani kwa baba yake huku akilaaniwa. Anaeleza kuwa alipoletewa habari ya kifo cha Okonkwo alijibu kwa neno la Biblia juu ya waishio kwa upanga. Mwalimu wake mzungu, Braddeley, alimkemea, akidhani kuwa kijana amemkusudia tarishi wa serikali aliyeuawa na Okonkwo. Hakujua kwamba Isaac alikuwa akimfikiria Ikemefuna, mtoto aliyelelewa pamoja naye katika nyumba ya mama yake hadi siku Okonkwo alipomwua kwa mkono wake mwenyewe.

Katika mandhari haya Braddeley amesimama mahali pa msomaji ambaye hakukisoma kitabu cha kwanza. Neno amelisikia sawasawa. Kisa kilichomo nyuma ya neno ndicho asichokuwa nacho. Wakati huo huo, tukio la Ikemefuna lenyewe linapata maana ambayo halikuwa nayo katika riwaya ya 1958. Pale lilikuwa sababu iliyomtenga Nwoye na baba yake. Hapa limekuwa kidonda ambacho miongo mingi ya Ukristo haikukiponya. Tena aliyekibeba ndiye huyu anayemzuia mwanawe kuoa kwa ajili ya mila ambayo dini yake haiikubali. Hili ni jibu hasa, si marudio.

La tatu limo katika Arrow of God. Msomaji atakumbuka kuwa Things Fall Apart inamalizika kwa Mkuu wa Wilaya kuwazia kitabu atakachokiandika, ambamo kifo cha Okonkwo huenda kikapewa aya moja ya kutosha. Jina la kitabu amekwisha kulichagua: The Pacification of the Primitive Tribes of the Lower Niger. Katika riwaya ya tatu kitabu hicho kimekwisha kuchapishwa. Mwandishi wake anatajwa kuwa George Allen, na afisa kijana Clarke ameazimwa na mkubwa wake, Winterbottom, ili akisome. Clarke anamwona Allen kuwa mtu anayejiamini kupita kiasi, asiyeona thamani yoyote katika taratibu za wenyeji. Na bado wito wake kwa vijana wa Uingereza unamsisimua. Lililokuwa kejeli mwishoni mwa riwaya ya kwanza limegeuka kuwa chombo cha utawala.

Huenda ikadaiwa kwamba dokezo hili linamnyima msomaji mgeni kitu kikubwa, na dai hilo lina haki yake. Maungamo ya Isaac yanaeleweka hata na asiyemjua Ikemefuna, kwa kuwa Isaac mwenyewe anamtaja na kueleza. Kitabu cha Allen hakielezwi hivyo. Mgeni ataona dhihaka ya maandishi ya kikoloni tu, wala hatajua kwamba mle ndani mna mtu aliyefupishwa kuwa aya. Kwa kipimo cha ufundi, basi, dokezo la pili limekamilika kuliko la tatu. Lakini yote matatu yana kauli moja: kisa cha Okonkwo kimepotoshwa na sifa za wazee, na ujinga wa mwalimu, na kalamu ya mtawala. Anayeweza kukisahihisha ni msomaji aliye na kitabu cha kwanza.

Hapo ndipo jambo hili linapowahusu wafasiri na walimu wa Kiswahili. Things Fall Apart ilitafsiriwa na Clement Ndulute kwa jina la Shujaa Okonkwo (1973). No Longer at Ease ikapewa jina la Hamkani si Shwari Tena. Majina ya Kiingereza yalitokana na mashairi ya Yeats na Eliot, na uhusiano huo haungeweza kuvuka. Hamkani ni neno la bahari iliyochafuka, nalo linajitegemea bila msaada wa Eliot. Shujaa Okonkwo, kwa upande wake, linampa msomaji kabla ya ukurasa wa kwanza hukumu ile ile ya Odogwu, ambayo riwaya ya pili inakuja kuitilia shaka.

Hapana budi, kwa hiyo, mfululizo wa namna hii ufasiriwe kama kazi moja hata kama wafasiri ni wengi. Jina la kitabu cha Mkuu wa Wilaya halina budi kuandikwa kwa maneno yale yale katika riwaya ya kwanza na ya tatu. Likibadilika neno moja, uzi umekatika. Vivyo hivyo mwalimu anayefundisha riwaya ya pili bila ya kwanza anawaweka wanafunzi wake katika kiti cha Braddeley: wanalisikia neno, na Ikemefuna hawamjui.