Mbegu Ndogo ya Bwana Manzoni

Wako vijana wanaotuambia kwamba wangependa kuandika kitabu, lakini wazo walilo nalo ni dogo mno. Basi twataka kuwaeleza habari za kitabu kikubwa kilichoanza kwa neno dogo kabisa. Jina lake ni *I promessi sposi*, yaani Wachumba, riwaya ya Alessandro Manzoni wa Milano, katika Italia (1785–1873).

Manzoni alikuwa akisoma habari za kale za nchi yake. Katika tangazo la serikali la mwaka 1627 akaona kwamba adhabu imewekwa juu ya mtu atakayemtisha padri ili asifungishe ndoa. Ni hayo tu. Tangazo halikutaja mchumba wala kijiji. Lakini yeye akajiuliza: Padri wa namna gani hukubali kutishwa? Nani amtishe, na kwa faida gani? Nao wachumba waliorudishwa watakwenda wapi?

Katika maswali hayo watu wakazaliwa: Don Abbondio, padri mwoga, Don Rodrigo, bwana mkubwa anayemtamani Lucia, na Renzo, kijana fundi wa hariri. Lile tangazo lenyewe limo katika sura ya 3. Renzo amemwendea mwanasheria, na majogoo wanne mkononi. Mwanasheria adhani kwamba Renzo ndiye aliyemtisha padri. Amsomea tangazo na kumwahidi kumwokoa. Lakini akisikia kwamba mkosaji ni Don Rodrigo, amfukuza pamoja na majogoo yake. Hapo twafahamu jambo ambalo karatasi ya serikali ililificha: sheria ilikuwako, bali hakuna aliyethubutu kuitumia juu ya mwenye nguvu.

Tena msidhani kwamba kazi hiyo ilikuwa nyepesi. Manzoni aliianza tarehe 24 Aprili 1821, akaimaliza mara ya kwanza mwezi wa Septemba 1823. Mwingine angalimpelekea mpiga chapa siku ile ile. Yeye aliisoma upya akaona imepotea njia. Habari za mtawa wa Monza zilikuwa zimevimba sura baada ya sura, hata Lucia akasahauliwa, akazikata. Habari za watu wa Milano walioshitakiwa kwamba walieneza tauni mwaka 1630 akaziondoa, zikawa baadaye kitabu cha peke yake. Riwaya ikatoka mwaka 1827.

Hata hivyo hakuridhika, maana lugha ilimsumbua. Nyumbani alizoea lugha ya Milano na Kifaransa. Kiitalia alikijua zaidi vitabuni. Mwaka ule ule alikwenda Firenze kusikiliza jinsi watu wanavyosema, kisha akaanza kusahihisha lugha ya kitabu kizima. Chapa hiyo mpya, yenye picha, ilitoka kidogo kidogo tangu 1840 hata 1842. Gharama alilipa mwenyewe, akapata hasara.

Shida hiyo ya lugha sisi twaijua. Kiswahili kinachosemwa Lubumbashi, Bukavu au Kisangani si sawa neno kwa neno na kile cha vitabuni. Mwandishi akishika vitabu tu, mama anayeuza mihogo sokoni atasema kama mwalimu wa sarufi. Lakini dawa ya Manzoni nayo ina ubaya wake: Renzo na Lucia ni watu wa ziwa la Como, na sasa wanasema karibu na watu wa Firenze. Amepata wasomaji wa Italia nzima, lakini ladha ya kijiji imepungua. Ni juu ya kila mwandishi kupima lipi ataliacha.

Twaona kosa jingine. Katika sura ya 31 na ya 32 historia ya tauni imemeza hadithi. Renzo haonekani, na msomaji huchoka. Lakini avumilie hata sura ya 34. Hapo mama mmoja ashuka mlangoni na mtoto wake aliyekufa, amemvika nguo nyeupe. Ampa mchukua maiti fedha, ili asimguse mtoto bali amwache alivyo. Kisha amwambia arudi jioni kumchukua yeye mwenyewe. Mama huyo haonekani tena katika kitabu. Twaamini kwamba aliyejifunza kukata kurasa nyingi za mtawa ndiye aliyeweza kuandika habari hii kwa maneno machache hivyo.

Tangu 1821 hata 1842 ni miaka 21, na Manzoni hakuandika riwaya nyingine. Basi kijana mwenye wazo dogo asilitupe. Alihoji kama shahidi, aandike, asome upya. Na ukurasa anaoupenda, kama unamfunika mtu wa hadithi, aukate.