Maharaja: kisasi kilichofichwa kwa mkasi

Kwa mtazamaji wa Pemba, filamu ya kisasi ina kanuni zake. Steringi anajulikana mapema, adui naye hachelewi kujitambulisha, na kinachobaki ni kungoja siku watakapokutana. Steringi hafi, wanaokufa ni jamaa zake, ili apate sababu ya kupigana. *Maharaja*, filamu ya Kitamil iliyotoka tarehe 14 Juni 2024, inazijua kanuni hizo na inazitumia kutuchezea. Nitaieleza mpaka mwisho wake, kwa sababu ufundi wote uko huko. Ambaye hajaiona aisome makala hii baadaye.

Maharaja ni kinyozi wa mjini Chennai. Anaigizwa na Vijay Sethupathi, na hii ilikuwa filamu yake ya hamsini. Lori lilipovamia nyumba na kumuua mkewe, mtoto wa kike alisalimika kwa kufunikwa na pipa la taka la chuma. Pipa hilo likapewa jina, Lakshmi, na likaheshimiwa nyumbani kama mtu. Miaka ikapita. Siku moja kinyozi anafika kituo cha polisi, sikio limefungwa bendeji, kuripoti kwamba Lakshmi ameibwa. Askari wanamcheka, wanampiga, wanamfukuza. Naye harudi nyuma, anatoa fedha nyingi ili pipa litafutwe.

Hapo ndipo mwongozaji Nithilan Saminathan anapotega mtego wake wa kwanza. Kinyozi anaisimulia habari ileile kwa askari huyu, kisha kwa yule, kisha kwa mkubwa wao, na kila mara kichekesho kinaongezeka. Mtu anayecheka haulizi maswali. Tunaambiwa binti yuko kambi ya michezo, nasi tunakubali, maana akili yetu iko kwenye pipa. Uso wa Sethupathi hausaidii chochote: mzito, umenuna, hauoneshi tofauti kati ya mjinga na mtu aliyebeba msiba. Mwigizaji mwingine angeponyokwa na siri kwa jicho moja la hasira, na filamu ingekwisha palepale.

Mtego wa pili ni wa chumba cha uhariri. Sambamba na habari ya pipa, tunaoneshwa Selvam, mwizi anayevamia nyumba, kubaka na kuua, kisha anarudi kwake kumbembeleza mwanawe mdogo. Anaigizwa na Anurag Kashyap, ambaye wengi wanamjua zaidi kama mwongozaji wa filamu za Kihindi. Vipande vya Selvam vinaingizwa kati ya vipande vya kinyozi bila maandishi ya kutuambia kwamba miaka imepita. Mji ni uleule, magari yanafanana, saluni ni ileile. Kwa hiyo tunaunganisha wenyewe: tunadhani watu hawa wawili wanaishi wiki moja, na mmoja anamfuata mwenzake. Kumbe maisha ya Selvam na mtoto wake ni ya zamani, kabla ya lori.

Tazama jinsi siri ilivyolindwa. Hakuna tukio lililofichwa kabisa. Mengi tumeoneshwa kwa macho yetu, ila mpangilio wake umevurugwa. Selvam alisahau mkufu wa mwanawe pale saluni, kinyozi akaupeleka kwake kwa uungwana, polisi nao wakamkamata Selvam wakati uleule. Akaamini kwamba kinyozi ndiye aliyemchongea. Miaka mingi baadaye anatoka jela na kuja na wenzake kulipa kisasi, na msichana wanayemdhuru ni binti wa kinyozi. Lakini mtoto wa kinyozi alikufa siku ya lori. Aliyesalimika chini ya pipa alikuwa mtoto wa Selvam, na kinyozi akamlea kama wake.

Hapo visasi viwili, cha Selvam na cha kinyozi anayewasaka waliomdhuru binti, vinagongana, na makonde yanakuwa si kitu. Mapigano yenyewe ni machache na mafupi. Nguvu iko katika mkasi wa mhariri, Philomin Raj, kuliko mkasi wa kinyozi.

Kasoro zipo, na kubwa yake si ndogo. Maumivu ya binti yametumiwa kama ufunguo wa fumbo. Yeye mwenyewe anapewa dakika chache za kusema, karibu na mwisho, baada ya wanaume kuhangaika filamu nzima kwa niaba yake. Wahakiki kadhaa wamelisema hilo, nami naliunga mkono. Sadfa nazo zimerundikana: mkufu, polisi na lori vyote vinakutana panapotakiwa.

Hata hivyo filamu iliingiza zaidi ya rupia bilioni 1, kisha Novemba 2024 ikafunguliwa katika majumba ya sinema ya China na kuvuta watazamaji wengi wasiojua neno la Kitamil. Jambo hilo lisitushangaze sisi. Zamani Wete na Chake Chake zilikuwa na majumba yake ya sinema, na Visiwani kote watu walimlilia Raj Kapoor katika *Awaara* ya mwaka 1951 bila kusoma Kihindi skulini. Picha iliyojengwa vizuri hujieleza.

Leo tunazitazama filamu hizi kwa sauti ya mtafsiri, kwa mtindo uliotiwa nguvu Dar es Salaam na Lufufu, na kule Kenya na DJ Afro. Mtafsiri hodari huongeza utani, huwapa wahusika majina ya mtaani, na hupenda kumwahi mtazamaji: huyu ndiye adui, ngoja uone. Katika filamu za kawaida uhondo huo unanoga. Kwa *Maharaja* unaua. Akitamka mapema tu kwamba tunachooneshwa ni maisha ya zamani ya Selvam, saa mbili za kazi ya mhariri zinaharibika kwa sentensi moja.

Kwa hiyo ombi langu kwa mtafsiri yeyote atakayeishika filamu hii: itazame mara mbili kabla ya kuwasha maiki. Pale kituoni chekesha utakavyo, maana mwongozaji mwenyewe anataka tucheke. Selvam anapokuwa nyumbani na mwanawe, fasiri maneno yao tu, usiongeze lako.